Jengo Lililoachwa Si Jengo Lililokufa

Mji wa Gitega unajengwa. Tangu mwaka 2019, ulipofanywa kwa sheria kuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na Bujumbura ukabaki kuwa mji mkuu wa uchumi, viwanja vinapimwa, misingi inachimbwa, na malori ya mchanga na saruji yanapanda na kushuka milima. Hilo ni jambo la heri. Lakini kila mji unaojengwa kwa haraka hufika siku ukajiuliza swali gumu: haya majengo ya zamani, yenye kuta nene na mapaa yaliyochoka, tuyafanye nini? Tuyabomoe tupate uwanja, au tuyatengeneze yapate kutufaa tena?

Swali hilo si la Gitega peke yake. Kule Muyinga, kaskazini-mashariki ya nchi, limebisha hodi kwa njia nyingine. Mwaka 2025 mpango mpya wa utawala ulianza kutumika. Mikoa 18 ikawa 5, na tarafa 119 zikawa 42. Muyinga, uliokuwa makao ya mkoa wake wenyewe, sasa umo katika Mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, na makao ya mkoa huo yamewekwa Cankuzo. Utawala ukihama, wakuu huhama, makarani huhama, na mafaili huhama. Nyumba haihami. Nyumba hubaki pale pale ilipojengwa, ikingoja kuambiwa kazi yake mpya. Isipoambiwa, huanza kufa: kigae kimoja huanguka, mvua huingia, boriti huoza, popo huhamia, na baada ya miaka michache watu hupita na kusema, "Lile ni gofu tu."

Katika mazungumzo yetu ya leo tunataka kusema neno moja: jengo lililoachwa si jengo lililokufa. Na katika kazi zote ambazo jengo la namna hiyo linaweza kupewa, iko moja ambayo miji yetu inaihitaji sana na kuikumbuka mara chache, nayo ni kuwa nyumba ya sanaa ya wananchi, mahali pa ngoma, maigizo, ususi, uchongaji, ufinyanzi na kusoma.

Ndugu wasikilizaji, tuanze na pingamizi kubwa, maana si vyema kulikwepa. Wapo wanaosema: mengi ya majengo hayo aliyajenga mkoloni. Ya nini kuyahifadhi? Wanaosema hivyo hawasemi upuuzi. Mwaka 1903 Mwami Mwezi Gisabo, baada ya kupigana na Wajerumani, alilazimika kukubali masharti yao kwa mkataba wa Kiganda. Mwaka 1912 Wajerumani wakahamishia Gitega makao ya utawala wao, kutoka Usumbura ambayo leo ni Bujumbura, wakajenga boma. Walikuja na askari na wafanyabiashara waliosema Kiswahili, na ndiyo moja ya sababu lugha hii tunayoitumia sasa ina wenyewe Gitega na Muyinga hata leo. Mwaka 1916 Wabelgiji wakawatoa Wajerumani na kukalia viti vyao. Katika maofisi ya tawala hizo mbili ndimo kodi ilimodaiwa, amri za kazi za shokoa zilimotolewa, na kiboko kilimopata idhini yake. Mtu ambaye babu yake aliinama mbele ya mlango kama huo ana haki ya kuutazama kwa jicho la uchungu.

Hata hivyo tujiulize: kuta zile zilijengwa na nani? Amri ilitoka kwa mgeni, lakini udongo ulikanyagwa kwa miguu ya Warundi, mawe yalibebwa kwa vichwa vya Warundi, na miti ilikatwa katika milima ya Warundi. Aliyeamuru ameondoka. Aliyebeba ni babu yetu, naye hakuacha hati wala picha, ameacha ukuta. Ukiubomoa ukuta ule, mkoloni hapati hasara yoyote. Unayemfutia alama yake ni yule aliyeubeba.

Wenzetu wa pwani wamelikabili jambo hili kabla yetu, nasi tunaweza kujifunza kwao. Katika mji wa Lamu, nchini Kenya, ipo ngome iliyojengwa kati ya miaka ya 1813 na 1821. Waingereza waliigeuza gereza, na gereza likaendelea kuwa gereza hata baada ya uhuru, mpaka mwaka 1984. Fikirini, mahali pa minyororo katikati ya mji, mbele ya uwanja ambapo watu hununua mboga na kucheza bao! Wafungwa walipoondolewa, watu wa Lamu hawakuiangusha ngome yao. Ilikabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikatengenezwa, na ndani yake yakawekwa maonyesho, maktaba na mahali pa mikutano na sherehe za mji. Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mtoto wa Lamu wa leo huingia kwa hiari yake katika mlango ambao babu yake aliuogopa, akasoma kitabu. Je, iko namna bora ya kumshinda aliyeufanya mlango ule kuwa wa kutisha?

Zanzibar nako kuna Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ngome hiyo imekuwa kambi, imekuwa gereza, imekuwa hata karakana ya reli. Katika miaka ya 1990 ikajengewa ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, na tangu mwaka 1998 Tamasha la Nchi za Jahazi hukusanya humo filamu na muziki. Karibu na bandari, nyumba yenye baraza za mbao zilizochongwa, ambayo ujenzi wake ulianzishwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, na ambayo watu waliizoea kwa jina la Zahanati ya Zamani, iliachwa ikachakaa kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni uliikarabati ikawa kituo cha utamaduni. Na jijini Dar es Salaam, Boma la Kale, la tangu siku za Sultani Majid katika miaka ya 1860, lilitengenezwa na kufunguliwa mwaka 2017 kuwa kituo cha urithi wa majengo ya jiji hilo.

Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba jambo hili ni ndoto za wasomi. Limefanyika. Limefanyika katika miji ambayo nayo ina shida za maji, za barabara na za ajira, kama yetu.

Sasa turudi nyumbani. Tukiwa na nyumba ya sanaa Gitega, tutaweka nini ndani yake? Hapa, ndugu wasikilizaji, hatuna haja ya kuazima. Kilomita chache tu kutoka mjini uko mlima wa Gishora, penye makao ya kifalme yanayohusishwa na ushindi wa Mwezi Gisabo dhidi ya mtemi mwasi Ntibirangwa. Huko zinatunzwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Ya kwanza ni ile ambayo watu huikatia msitu, ya pili ni ile ambayo watu huilimia. Mwaka 2014 UNESCO iliitia ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika kwa mkono. Neno hilo "usioshikika" lina maana yake. Urithi huu hauwekwi kabatini. Unakaa katika viungo vya wapigaji na katika masikio ya vijana wanaowatazama. Mzee mmoja akifa bila kufundisha, imezikwa maktaba nzima.

Na ngoma haiko peke yake. Iko inanga, zeze letu lenye nyuzi, ambalo mwimbaji hulipiga huku akinong'ona hadithi. Iko ikembe, uko umuduri, iko indingidi. Iko salamu ya akazehe, ambayo wanawake huamkiana kwa kuimba, mmoja akianza na mwingine akipokea, sauti zikifuatana kama maji ya vijito viwili. Uko ususi wa vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka. Uko ufinyanzi wa Batwa, ambao vyungu vyao vimepikiwa katika nyumba zote za Burundi, na wao wenyewe wamekaribishwa katika nyumba chache. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yanatunza vitu vya namna hiyo, na yanastahili shukrani. Lakini makumbusho huhifadhi chungu kilichokwisha kufinyangwa. Nyumba ya sanaa inahifadhi mkono unaofinyanga. Vyote viwili vinahitajiana.

Wapo watakaouliza: fedha ziko wapi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake la kwanza liko Muyinga. Mwaka 2012 ilikamilika huko maktaba, sehemu ya mpango wa shule ya watoto viziwi. Wachoraji wake wa ramani walitoka Ubelgiji, lakini walifanya jambo la busara: walizunguka kwanza wakatazama nyumba za Warundi, wakaona baraza iliyoezekwa inayozunguka nyumba na kuikinga na jua na mvua, wakaichukua baraza ile. Kuta zilijengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono, si ya kuchomwa kwa kuni. Paa lilifunikwa kwa vigae vya udongo vilivyotengenezwa huko huko, juu ya mbao za mikaratusi. Ndani, juu ya vichwa vya wasomaji, ukatundikwa wavu mkubwa uliosukwa kwa kamba za katani, watoto wajilaze humo na vitabu vyao. Upande wa barabara kuna milango mipana. Ikifunguliwa, maktaba inakuwa sehemu ya uwanja wa mtaa.

Maktaba ile ni jengo jipya, si la kale. Mbona basi tunaitaja? Tunaitaja kwa sababu imeonyesha kwamba ufundi unaotakiwa kutengeneza nyumba za zamani haujapotea. Mtu anayejua kushindilia tofali la udongo, kuchoma kigae na kusuka kamba ya katani ndiye hasa anayehitajika kuuponya ukuta wa miaka mingi. Ukarabati huharibika kwa kumtumia fundi asiyelijua jengo. Huja na saruji, akaupaka ukuta wa udongo ukang'aa kama sahani. Watu wakapiga makofi. Kumbe ukuta wa udongo hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutaka njia ya kutokea. Saruji huuziba. Maji yakakaa ndani, ukuta ukalainika, na baada ya masika machache plasta inabanduka na vipande vya ukuta. Chokaa na udongo vingefanya kazi ile kwa gharama ndogo na kwa muda mrefu zaidi.

Ndugu wasikilizaji, iko na hadithi ya kututia hofu, nayo tuiseme wazi. Siku ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri la Zanzibar lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati likiwa katika ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba lile lilijulikana dunia nzima, na lilikuwa ndani ya mji ulioandikwa katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Sifa hazikulishika. Jengo la kale halingoji vikao viishe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta ukianguka na watu chini yake, hata kuujenga upya hakurudishi kilichopotea.

Kwa hiyo kazi hii ina utaratibu wake, na utaratibu huo hauruhusu kuanzia mwisho. Jambo la kwanza ni hati: jengo ni la nani? La wizara, la tarafa, la kanisa, la msikiti, au la ukoo? Nyumba isiyo na mwenyewe kwa maandishi hupata wenyewe wengi siku itakapokuwa imetengenezwa. Jambo la pili ni uchunguzi wa mhandisi, kuta zipimwe na msingi uchimbuliwe utazamwe. Jambo la tatu ni paa na mifereji, kabla ya rangi, kabla ya viti, kabla ya kibao cha jina, kwa maana katika nchi ya mvua kama yetu adui wa kwanza wa nyumba ni maji. Jambo la nne ni mafundi, na pamoja na kila fundi mzee wawekwe vijana wa kujifunza. Waganda walifundishwa na msiba: makaburi ya wafalme wao pale Kasubi yaliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, na kuezeka upya kulihitaji mikono ya wale wachache waliorithi ufundi wa kuezeka kwa nyasi. Ilikuwa mwaka 2023 ndipo mahali hapo palipotolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Miaka 13! Ufundi ukikabidhiwa mapema, njia huwa fupi.

Jambo la tano, ambalo husahauliwa kuliko yote, ni nani atakayefagia. Sherehe ya ufunguzi ni ya siku moja. Baada yake huja taa ya kulipia, mlinzi wa kulipwa, na kitasa cha kubadilisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba ya sanaa iwe na kamati yenye wasanii, walimu, wanawake, vijana na mtu wa tarafa, na hesabu zake zibandikwe mlangoni wananchi wazisome. Ukumbi ukodishwe kwa arusi na mikutano. Vikapu na vyungu viuzwe. Chumba kimoja kiwe cha chai na kahawa, maana itakuwa aibu Muyinga, mahali panapolimwa kahawa, mgeni akose kikombe cha kahawa.

Tena liko swali la nani ataingia. Amri ya Rais ya mwaka 2017 iliweka masharti juu ya ngoma ya kifalme: hupigwa na wanaume, na maonyesho yake nje ya sherehe rasmi yanahitaji kibali na malipo ya faranga 500,000 katika hazina ya Serikali. Kusudi lililotajwa ni kulinda heshima ya ngoma. Watakaoiendesha nyumba ya sanaa hawana budi kuijua amri hiyo na kupanga hesabu zao wakiikumbuka, maana kikundi cha vijana wa mtaani faranga hizo si kidogo kwake. Na tukubali pia kwamba wasichana watauliza maswali, kama watoto wenye akili wanavyouliza. Tusiwafukuze kwa kuuliza. Nyumba ya sanaa inayostahili jina hilo ni ile ambamo swali la kijana hujibiwa kwa heshima, na ambamo mama wa akazehe hupewa jukwaa lile lile na saa ile ile ya jioni ambayo watu wamejaa, si kuwekwa asubuhi wakati viti ni vitupu. Mfinyanzi Mtwa aingie kwa mlango wa mbele. Mtoto kiziwi wa Muyinga, ambaye husikiliza ngoma kwa kifua chake na nyayo zake, awe na nafasi karibu na jukwaa.

Ndugu wasikilizaji, nchi yetu imepita katika miaka ya majonzi, na katika miaka hiyo watu walizoea kukutana makaburini na katika mistari ya kugawiwa chakula. Watu wanaokutana katika ngoma hujuana kwa namna nyingine. Aliyekushikia boriti mkiezeka paa, aliyeimba sauti ya pili ulipoimba ya kwanza, si rahisi akesho uaminishwe kwamba ni adui yako. Hiyo ndiyo faida ya nyumba ya sanaa ambayo haionekani katika daftari la mapato, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote.

Basi wakuu wa tarafa za Gitega na Muyinga wafanye jambo moja dogo kabla ya masika yajayo. Wazunguke waandike orodha ya majengo yote ya zamani yasiyo na kazi, mwaka wa kila moja, mwenyewe, na hali ya paa lake. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, kalamu na miguu. Walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wakaulize nani alijenga na kwa amri ya nani. Na mwananchi anayeona kigae kimeanguka juu ya jengo la umma asipite akasema si langu. Ni lake.

Mti ambao ngoma zetu huchongwa kwake huitwa umuvugangoma. Huukui kwa siku moja, na anayeupanda mara nyingi siye atakayeichonga ngoma. Lakini wazee waliupanda, ndiyo maana sisi tunacheza. Tukiyaacha majengo haya yaanguke mikononi mwetu, wajukuu watatuuliza walipie nini kuvijenga upya vitu ambavyo sisi tulivikuta vimesimama.